Miezi Ile Ile: Mjadala wa Majirani wa Serengeti

Hoja iliyo mezani ni hii: je, mtu anayelima mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ana sababu ya kuusherehekea uzuri wake, au sherehe hiyo ni ya mgeni ajaye kwa ndege na kuondoka? Ni hoja inayobishaniwa upande wote wa magharibi wa hifadhi, Mugumu, Nata, Issenye na Robanda, hadi Bunda, ambako lango la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara kuu iendayo Musoma kutoka Mwanza. Wasemaji wa hapa chini nimewaunda mwenyewe kutokana na hoja zinazosemwa huko, nikawaita kwa kazi na nafasi zao. Yupo Mkulima, mama mwenye shamba la mahindi na mtama. Yupo Mwongozaji, kijana anayeendesha gari la watalii. Wapo pia Mzee, ambaye ni wa kabila la Waikoma, Mwalimu wa shule ya msingi, na Mhifadhi, askari mstaafu wa wanyamapori. Nami nitasema pale hoja itakaponigusa, kwa sababu jambo hili siwezi kulisimamia kama mtu asiye na upande.

MWONGOZAJI: Mimi naanza kwa kusifu. Mwishoni mwa Mei, nyasi za uwanda wa kusini zikishakauka, nyumbu huanza kushuka upande wetu kwa kufuata mto Mbalageti na mto Grumeti. Wa kwanza kuwaona ni pundamilia. Wao wanaweza nyasi ndefu zilizokomaa, kwa hiyo hutangulia na kuzifyeka. Nyuma yao wanakuja nyumbu, wanaopenda majani yaliyokwisha kufupishwa, na mwisho kabisa swala tomi, wanaodonoa machipukizi yaliyobaki chini. Ukizima injini ukatulia, unasikia ule mlio wao mzito wa puani, maelfu kwa maelfu, haukatiki mchana wala usiku. Mtoni mamba wanangoja. Kwenye miti mikubwa ya kando ya mto wamo mbega weusi kwa weupe, ambao kwenye uwanda wa kusini hutawaona hata ukizunguka wiki nzima. Mgeni ametoka Ujerumani, hakulala usiku kucha kwenye ndege, akifika hapo anatokwa machozi. Mimi nimezaliwa Mugumu, na bado mwili unanisisimka. Kwa nini nione haya kusema kwamba kwetu ni kuzuri?

MKULIMA: Hakuna anayekukataza kusema, mwanangu. Mimi nakuuliza tu: hiyo Mei na Juni unayoisimulia, unajua huku kwetu ni miezi gani? Ni miezi ya kulala dungu. Mahindi yamekomaa, mtama umeanza kuwa mwekundu, na tembo anaijua kalenda hiyo vizuri. Miezi ni ile ile. Wewe ukiwa mtoni unawaonyesha wageni nyumbu, mimi niko juu ya miti minne na paa la nyasi, na wanangu wawili, na debe.

MWONGOZAJI: Najua, mama. Nami nimelala dungu.

MKULIMA: Basi wasimulie. Au ngoja, nisimulie mimi, maana wewe umelala kwenye dungu ukiwa mtoto, hukuwa na deni la mbegu. Watu wa mjini hudhani tembo huja kwa kishindo. Haji hivyo. Unyayo wake ni laini, anapita kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Unachosikia kwanza ni bua moja likivunjika, ka! Kimya. Kisha jingine. Ukisikia mabua mengi yanavunjika kwa pamoja, ujue wamekwisha kuingia. Hapo mnapiga debe, mnawasha tochi, vijana wanapuliza vuvuzela, mbwa wanabweka mpaka sauti zinawakauka. Zamani ilitosha. Siku hizi yuko dume anayesimama, anautazama mwanga wa tochi, anageuka, anaendelea kula. Na hali tu. Anakanyaga, anang'oa, mihogo anaifukua kwa mguu. Asubuhi unakuta nyayo pana zimepita katikati ya shamba, na kinyesi kimejaa punje za mahindi yako mwenyewe, nzima nzima, hazikusagika. Hapo ndipo wewe uje uniambie habari ya uzuri.

MWALIMU: Niseme jambo moja hapo hapo. Mei darasani kwangu ni mwezi wa watoto kusinzia. Saa tatu asubuhi kichwa kiko juu ya dawati, na siwezi kumchapa mtoto aliyekesha akimlindia mama yake chakula. Nikiwauliza nani kati yenu amewahi kumfukuza tembo, darasa zima linanyoosha mikono. Nikiwauliza nani amewahi kuingia hifadhini kwa gari, akamwona tembo amesimama kwa amani na ndama wake, mikono inahesabika. Nawafundisha kwenye somo la sayansi kwamba Serengeti ni urithi wa dunia. Wananitazama tu. Mpaka wa huo urithi wanauona kutoka dirishani.

MHIFADHI: Nimewasikia, na sitabisha kuhusu dungu. Lakini tusisahau tulikotoka. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 sehemu ya mashariki ilitengwa ikawa Ngorongoro, na hifadhi ya leo ina kilomita za mraba 14,763. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na hapa, alitoa Ilani ya Arusha ya kuhifadhi wanyamapori, akaliahidi taifa na dunia kwamba tutawalinda kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1981 UNESCO wakaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi nimeshika doria nikiwa kijana, miaka ile ya themanini, tembo walipokuwa wakiuawa kwa bunduki za kivita. Mwishoni mwa miaka ile walibaki mamia tu. Ukikutana na kundi, walikuwa wanakimbia wakisikia tu sauti ya gari. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku mwaka 1989, na doria zikaimarishwa, wakaanza kurudi. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu zaidi ya tembo 7,000 katika mfumo mzima wa Serengeti na Mara. Mama analalamika kwamba tembo wamekuwa wengi. Mimi niliyewahi kuokota mafuvu yao nasema alhamdulillahi, wamekuwa wengi.

MKULIMA: Nami sikusema wauawe. Nimesema wanakula wapi.

MHIFADHI: Na kuna faida inayorudi. Programu ya ujirani mwema imejenga madarasa, zahanati, visima. Vijiji vitano vya Ikona, vikiwemo Robanda na Makundusi, vina jumuiya yao ya hifadhi ya wanyamapori, na wawekezaji wanavilipa.

MWALIMU: Madarasa tunashukuru. Mimi nafundishia humo. Lakini bati la darasa halimfanyi mtoto aone kwamba mnyama ni wake.

MKULIMA: Na kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa na wanyama, mzee wangu, uliwahi kusoma habari zake? Kanuni za mwaka 2011 zilisema shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani, hupati kitu. Ukiwa mbali zaidi, ni shilingi 25,000 kwa ekari, ikipanda kadiri unavyokuwa mbali, mwisho 100,000, na ekari zinazohesabiwa hazizidi tano. Mtu akiuawa, kifuta machozi milioni moja. Najua viwango vimepandishwa baadaye. Lakini hebu fikiria mtu anayeandika kanuni kwamba aliye karibu zaidi na tembo ndiye asilipwe. Mtu huyo aliona ramani. Hakuona shamba.

Hapa lazima nimpe Mkulima haki yake. Sababu iliyotolewa na wenye kanuni ni kwamba mtu asilime kwa kuusukuma mpaka, na sababu hiyo ina maana mahali ambapo mtu amelifuata pori. Lakini vijiji vingi vya ukanda huu havikuufuata mpaka, mpaka ndio uliovifuata. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, yakaongeza ngozi nyingine ya ulinzi nje ya hifadhi, na watu walioamka asubuhi ile walikuwa palepale walipolala. Ndiyo maana neno "uzuri" linawatia watu wengi wasiwasi huku. Mkulima atalisema vizuri zaidi kuliko mimi.

MKULIMA: Sifa za uzuri zikizidi, bikoni za mpaka husogea. Hicho ndicho tulichokiona. Wenzetu wa kata ya Nyatwali kule Bunda, kwenye ghuba ya Speke, wamehamishwa ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Wanasema ni kwa ajili ya uhai wa hifadhi, na labda ni kweli, ukame ukija nyumbu na tembo wanahitaji maji ya ziwa. Lakini mimi nikisikia mgeni anasifu sana mahali, naanza kutazama ukuta wa nyumba yangu kama umeshawekwa alama ya kuhamishwa.

MZEE: Mura, na wewe mama, mmezungumza habari ya uzuri kama kitu kilicholetwa na mgeni. Niacheni nirudi nyuma kidogo. Sisi Waikoma, na Wanata na Waissenye, tulikuwa tunalima, tunafuga kidogo, na tunawinda. Pori lilikuwa upande wa pili wa shamba, na lilikuwa na majina. Kila kilima, kila kisima cha chumvi, kila mti wa kupumzikia mwenye safari ya mawindo. Kuna mahali humo ndani ambapo babu zetu waliweka sadaka kwa mizimu ya nchi. Leo pako ndani ya hifadhi, na gari la watalii linapita pembeni, na dereva hajui.

MWONGOZAJI: Kweli, Mzee. Sijui.

MZEE: Hukufundishwa. Si kosa lako. Na kuhusu tembo: sisi tuna Machaba. Ni jozi ya pembe za ndovu zilizo kitu kitakatifu cha Waikoma, na masimulizi yetu yanasema tuliongozwa kuzipata na mganga wa Kitatoga, watu wa nchi walipokuwa wanahangaika kupata kizazi na amani. Hatukuziuza hata miaka pembe ilipokuwa na bei ya kumtoa mtu roho. Kwa hiyo usije ukaniambia mwenyeji haujui utukufu wa tembo mpaka aelezwe na mtu wa kamera. Huyo mama anayelala dungu anaujua. Ndiyo maana hata akimfukuza, anamwita kwa heshima.

MKULIMA: Ni kweli. Ukimtukana anarudi.

MZEE: Halafu yako hayo maneno ya "pori lisilo na watu". Wazazi wa baba zangu walisimulia mwaka wa ng'ombe kufa. Walikufa wote. Watu wakaingia njaa, wakatawanyika. Mashamba yakaota vichaka, mbung'o wakaja. Mzungu alipofika baadaye akaona vichaka na wanyama, akasema hapa hapajawahi kukaliwa na mtu.

Mzee anazungumzia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua mifugo karibu yote, pamoja na nyati na nyumbu. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kwangu mimi jibu la mjadala huu limo katika ugonjwa huo. Lakini tulichozoeshwa kukiona ni ile picha ya Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Frankfurt, Ujerumani, na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wakiwa angani kwa ndege yenye mistari ya pundamilia. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu waliyoitengeneza kuhusu Serengeti ikapata tuzo ya Oscar. Ni watu walioipenda Serengeti kweli kweli. Lakini waliionyesha dunia Serengeti ikiwa nzima bila mwenyeji, na hofu yao kubwa ilikuwa mwenyeji huyo huyo na ng'ombe wake.

Sasa tazama kilichotokea. Baada ya 1890 sotoka haikuondoka. Ilibaki ndani ya ng'ombe wa vijijini, na kila mwaka iliwaambukiza nyumbu, ikaua ndama kwa wingi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maofisa wa mifugo walizunguka vijiji vilivyoizunguka hifadhi wakichanja ng'ombe. Wafugaji waliwaleta. Waliwashika pembe, waliwafunga miguu, walisimama juani kutwa nzima. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Lakini ng'ombe walipopona, ugonjwa ulikosa mahali pa kukaa, ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni 1.3 hivi. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi, nyasi zilipopungua moto wa kiangazi ukapungua, na moto ulipopungua miti michanga ikapata nafasi ya kukua, hasa huko kaskazini na magharibi. Yale makundi yanayomliza mgeni, na ile migunga anayoipiga picha jua likizama, vimepitia kwenye zizi la mfugaji asiyetajwa kwenye kitabu chochote cha wageni. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani.

MHIFADHI: Hilo la sotoka ni kweli, na nikiri kwamba kwenye semina zetu tulilisema kama mafanikio ya sayansi. Hatukulisema kama kazi ya jirani.

MWALIMU: Na mbwa, Mhifadhi? Waambie habari ya mbwa.

MHIFADHI: Mwaka 1994 simba walikuwa wanaanguka, wanatetemeka, wanakufa. Tulipoteza karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama elfu moja. Ilikuwa homa ya mbwa, na wataalamu wakaihusisha na mbwa wa vijijini. Tangu hapo kukawa na kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji vya mpakani, dhidi ya homa hiyo na dhidi ya kichaa cha mbwa.

MWALIMU: Siku ya chanjo ya mbwa ni siku ambayo ningetaka kila mgeni aione. Watoto wanafika chini ya mti tangu alfajiri, kila mmoja na mbwa wake. Mbwa wa kijijini hajawahi kufungwa maishani, kwa hiyo amefungwa kwa kamba ya katani, au kipande cha kanga cha mama, anavuta huku, mtoto anavuta kule. Wako waliobebwa begani. Mtoto wa miaka minane anamkumbatia mbwa shingoni, anamfumba macho kwa kiganja, anamwambia "tulia, tulia", sindano inaingia. Anapewa cheti, anakikunja mara nne, anakitia mfukoni. Yule mtoto amemlinda simba. Amemlinda na mdogo wake pia asing'atwe na mbwa mwenye kichaa. Lakini nani amemwambia? Simba aliyemlinda hajawahi kumwona.

MWONGOZAJI: Kwa hiyo mnasema uzuri ninaousifu ni kazi ya mikono ya watu hawa?

Ndicho ninachosema mimi, na nakisema bila kupunguza. Jua, mvua, na majivu ya volkano yanayorutubisha nyasi za kusini, hayo yanatoka kwa Mungu. Lakini kwa zaidi ya miaka 60 Serengeti imeponywa na kutunzwa kutoka nje ya mpaka wake pia, kwenye mazizi na chini ya miti ya chanjo. Jirani ana sehemu yake katika uzuri huu, na anayemwita tishio peke yake hajasoma historia ya mahali anapopasifu.

MHIFADHI: Nakubali nusu. Nusu nyingine ni waya. Tusiitane watakatifu hapa. Mimi nimetegua mitego ya nyaya mpaka viganja vikatoka damu. Nyumbu ananasa shingo, anazunguka mti siku mbili, waya unaingia kwenye nyama. Na twiga mguuni. Na simba, ambaye hakukusudiwa. Nyama inakaushwa kuwa kimoro, inauzwa Mugumu, inauzwa mpaka Tarime. Hiyo nayo ni mikono ya jirani.

MZEE: Babu yangu aliwinda. Lakini aliwinda kwa upinde, kwa majira yake, na kulikuwa na mnyama asiyeuawa. Huu waya si mila. Anautega mtu wa haraka ya pesa.

MKULIMA: Mzee, na wewe usiwatupe vijana moja kwa moja. Wako wanaofanya biashara, hao wakamatwe. Lakini yuko na yule ambaye shamba lake limeliwa Juni, na Agosti nyumbani hakuna unga. Anaambiwa nyama ya nyumbu ni ya serikali, na mahindi yaliyomo tumboni mwa tembo wa serikali ni ya nani? Mimi sitegi waya, na mwanangu sitamruhusu. Nimekataa kwa sababu nimemwona nyumbu aliyenaswa, sikuweza kula siku ile. Lakini naielewa hasira ya aliyetega.

MWONGOZAJI: Na tusisahau kwamba hata riziki yangu inakufa na huyo nyumbu. Gari langu linalisha watu sita.

MKULIMA: Sita. Kijiji kina watu wangapi?

Barabara ya lami nayo iliingia katika mabishano haya, kama inavyoingia kila mara. Mpango wa mwaka 2010 wa kuunganisha Mugumu na Loliondo kwa kupita kaskazini mwa hifadhi ulifikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki na shirika la kutetea wanyama lenye makao Kenya, na Juni 2014 mahakama ikasema barabara ya lami ndani ya hifadhi itakuwa kinyume cha sheria. Mkulima alitaka barabara, Mwongozaji hakuitaka ipite kwenye njia ya nyumbu. Mimi niko na Mwongozaji: barabara kuu yenye malori ingeukata uhamaji ambao ndio roho ya mahali. Lakini mgonjwa wa Mugumu anahitaji lami kama mgonjwa wa Arusha, na aliyeshangilia hukumu ile alipaswa, siku hiyo hiyo, kudai lami ya kuzunguka nje ya hifadhi.

MWALIMU: Turudi kwenye sherehe, maana ndiyo hoja. Mimi sitaki mtoto wangu aambiwe aipende Serengeti. Nataka aingie. Watu husema kiingilio ndicho kikwazo. Siyo. Raia mtu mzima analipa karibu shilingi 10,000 kabla ya kodi, mtoto elfu mbili, wakati mgeni wa nje analipa zaidi ya dola 60. Kikwazo ni gari. Huruhusiwi kuingia kwa miguu peke yako, baiskeli haiingii, bodaboda haiingii. Kukodi gari la kutwa ni pesa ambayo mzazi wa kijijini haioni kwa msimu mzima. Kwa hiyo lango liko wazi kwa sheria na limefungwa kwa magurudumu.

MZEE: Na mimi nikiingia nataka niingie na huyu kijana, nimwonyeshe majina. Tukifika kwenye kile kilima nimwambie kinaitwaje, na nani alilala pale. Naye awaambie wageni wake. Nitakufa nayo nisipoyasema.

MWONGOZAJI: Mzee, hilo nitalifanya hata kesho. Wageni wananiuliza kila siku, "Nani waliishi hapa?" Nawajibu Wamasai tu, kwa sababu ndilo jibu ninalolijua.

MZEE: Wamasai walikuwepo, mashariki huko. Huku magharibi tulikuwepo sisi.

MWALIMU: Basi ombi langu ni moja. Basi la hifadhi, kila mwaka, darasa la tano la kila shule ya mpakani, Mzee akiwa ndani kama mwalimu mwenzangu. Na iwe Juni, nyumbu wakiwa Grumeti.

MHIFADHI: Juni ni msimu wa wageni, kila gari liko kazini. Ingekuwa Februari ni rahisi.

MWALIMU: Februari nyumbu wako Ndutu, kule kusini, mwendo wa siku nzima kwenda na kurudi. Mtoto ataona njia tu.

MKULIMA: Na Juni hao watoto ndio walinzi wangu. Ukiwachukua siku nzima wakarudi wamechoka, usiku nani atakaa dungu? Mmeona? Kila mnachokitaka mnakitaka katika miezi yangu.

MHIFADHI: Kuna askari wa doria, na wale askari wanyamapori wa vijiji. Wanaweza kupangiwa mashamba hayo usiku wa siku ya safari.

MKULIMA: Usiku mmoja?

MHIFADHI: Siwezi kuahidi wiki.

MKULIMA: Lakini unaweza kuuliza. Waulize wenzako walio kazini, kwa jina langu. Waambie wiki moja ya kwanza ya Juni, askari wanne, tochi kubwa zile, na gari moja. Nikipata hiyo, watoto nawatoa. Na nafasi moja kwenye hilo basi ni yangu. Mimi tembo namjua usiku tu, akiwa mwizi. Nataka nimwone mchana akila nyasi zake.

MWALIMU: Nafasi ipo, mama.

MKULIMA: Basi tarehe mniambie mapema, sio siku mbili kabla. Lazima nitafute mtu wa kumwachia shamba.